Zephania Ashika Mpaka wa Hewa

Mimi Koleta ni katibu wa baraza la usuluhishi la kata yetu huku milimani, na nasema bila kuona haya: sisi Wapare tunapenda kesi. Nimeandika kesi za mbuzi, za mfereji, hata ya kivuli cha mparachichi. Lakini kesi ya hewa ilinikera. Fomu inauliza mali inahamishika au haihamishiki, nami sikujua nijaze nini.

Mlalamikaji alikuwa Lekishon, mfugaji wa tambarare, aliyepanda mlima kwa bodaboda na fimbo yake mkononi. Mlalamikiwa alikuwa Zephania, mwalimu mstaafu, mwenye leseni mpya ya redio ya ridhaa, ile ya watu binafsi kuitana hewani.

"Mama," akasema Lekishon, "kila asubuhi daktari wa mifugo anatutangazia redioni siku ya josho. Huyu mzee anamfunika. Anaita, Loth, Loth. Ng'ombe wangu wamekosa josho mara mbili. Na mimi siitwi Loth."

Loth ni kaka yake Zephania, anaishi Kighare. Hawajasemeshana miaka tisa, tangu kesi ya migomba minne ya mpakani, ambayo niliiandika mimi. Loth hapokei simu yake. Ila yeye naye ana leseni ya redio, na alimtuma binti yake kusema: huyo mdogo wangu akiwa na neno, anitafute hewani. Ndiyo maana Zephania, na magoti yake mabovu yasiyomfikisha Kighare, alisoma akafanya mtihani. Alitaka kumsikia kaka yake kabla mmoja wao hajafa. Alituambia hivyo waziwazi.

Lakini Mpare ni Mpare. Leseni ilimpa masafa kuanzia kilohezi elfu saba hadi elfu saba na mia mbili. Mtu mwingine angekaa katikati. Zephania alikwenda moja kwa moja kwenye elfu saba kamili akaweka kambi, kwa kuwa ukipewa shamba unaanza kulima mpakani, usije ukasogezewa. Hata masale, mimea yetu ya kuwekea mipaka, alikuwa ameyapanda kuzunguka nguzo ya antena.

Mwenyekiti wetu, Rogathe, akaamuru twende eneo la tukio na kamba ya kupimia. Tukapima nguzo, tukapima meza, tukapima kutoka redio hadi dirishani. Vyote nikaandika.

"Namba inasomeka elfu saba," Zephania akasema. "Sijavuka hata shubiri."

Ikabidi nifungue kitabu chake cha mtihani mwenyewe, maana kamba haikuwa ikitusaidia. Kumbe namba ni mahali pa kusimama tu. Sauti ina upana wake, karibu kilohezi tatu, na kwa jinsi alivyoiweka redio yake, upana wote ulikuwa upande wa chini.

"Mwalimu," nikamwambia, "wewe umesimama mpakani, lakini sauti yako yote iko kwa jirani. Wakaguzi wakikukuta, leseni inakwenda, na Loth humpati tena."

Lekishon akacheka. "Ng'ombe amefungwa kwake, anakula kwangu."

"Nisogee ngapi?" Zephania akauliza.

"Tatu. Weka nne, upumue."

"Kilohezi nne nizitupe hivihivi?" Akaomba iandikwe kwamba anaziacha chini ya pingamizi. Nikaandika.

Akasogea moja, akavua kofia kama yuko msibani. Akasogea ya pili. Lekishon, aliyetaka kuwahi kushuka, akamwondoa mkono taratibu akazungusha mwenyewe, na hakusimama. Hamsini. Mia. Mia na hamsini. Mikwaruzo mitupu. Kwenye mia mbili, mwisho kabisa wa bendi, ikatoka sauti nzito: "Zephania, Zephania, hapa Loth."

Kumbe miezi minane wameitana hivyo, mmoja akilinda mpaka wa chini, mwenzake wa juu.

Zephania akashika kipaza sauti. "Shikamoo, kaka."

Redio ikakwaruza. "Marahaba," Loth akasema. "Na ile migomba ni yangu."

Zephania alikuwa analia, wala hakujificha. "Ni yako, kaka."

Rogathe akanigeukia aone nimeandika nini. Kwa miaka kumi na mmoja ya ukatibu sijawahi kumsikia mtu wa kata hii akitamka maneno hayo bila kuamriwa, na fomu yetu haina sehemu yake. Niliyaandika pembeni, nje ya mstari.