Mchi Sikioni

Atai alizikwa Lunyo mwezi wa Aprili. Wiki tatu baadaye, mdogo wake, Aanyu, alianza kumsikia akitwanga.

Ilikuwa mchana. Aanyu alikuwa amelalia sikio la kushoto, na kila alipofumba macho mchi ulianza: ti, ti, ti. Kwa miaka ishirini na miwili walitwanga karanga katika kinu kimoja na kuvusha siagi yake hadi sokoni Busia, upande wa Kenya. Mwendo wa mkono wa Atai aliujua. Alitoka nje kutazama. Kinu kilikuwa kimefunikwa gunia, kikavu.

Alirudi kulala, akasema polepole, "Atai, pumzika. Mimi namaliza."

Hakumwambia mtu hadi siku alipotokwa na damu puani sokoni, ikadondokea kopo la siagi. Nanjala, Mkenya aliyeuza dagaa meza ya pili, alimshika bega.

"Dada, hii si joto. Twende upimwe."

"Niko sawa. Ni Atai tu nanisumbua."

"Atai gani?"

Aanyu akamweleza. Nanjala akafunika meza zote mbili.

Zahanatini, mganga mmoja aitwaye Okedi alimpima presha mara mbili: mia moja tisini na mbili juu ya mia moja kumi na nne. Halafu akaweka kifaa cha kusikilizia shingoni mwake, upande wa kushoto, akasikiliza.

"Wewe nasikia nini?" Aanyu akauliza.

"Kuna sauti hapa. Inakwenda na moyo."

"Basi na wewe namsikia."

Okedi hakucheka. Alimgeuza kiganja. "Sugu hizi ulizipata wapi, mama?"

"Mchi."

"Ngozi ilipigwa kila siku, ikajiongezea unene. Mshipa wa damu nao ni hivyo. Damu ikiusukuma kwa nguvu miaka na miaka, msuli wa ukuta wake hunenepa ili ustahimili. Nyuzi zinazoufanya uvutike kama mpira hukatika, mahali pake pakajaa nyama ngumu. Mafuta nayo hupata pa kugandia. Njia inakuwa nyembamba, na damu ikipita hapo inapiga kelele. Huyo marehemu aliwahi kupimwa?"

Hakuwahi. Lakini Aanyu alikumbuka kwamba, miaka miwili nyuma, Atai aliacha kuchekecha ghafla akauliza, "Nani natwanga?" Hapakuwa na mtu. "Ni mama," Atai alisema, na mama yao alikuwa kaburini mwaka wa sita. Aanyu alimcheka.

Alipomaliza kusimulia, Okedi aliweka kalamu chini.

Aanyu akaanza dawa. Kufika Juni mchi ulisikika kwa mbali. Alasiri moja ya Julai alijilaza, asisikie ila kuku wa nje. Alilia kuliko alivyolia mazikoni. Kesho yake hakumeza dawa, wala keshokutwa.

Siku ya tisa Atai alirudi, kwa kishindo. Aanyu alifurahi siku nne. Ya tano, sokoni, mwiko ulimdondoka mkono wa kulia, na mkono ukakataa kuuokota. Midomo ya Nanjala ilikuwa inacheza mbele yake, naye alisikia mchi tu.

Mkono ulirudi baada ya saa moja. "Hilo lilikuwa onyo la kiharusi," Okedi alimwambia. "Ukuta uliokwisha kukakamaa haulainiki tena wote. Dawa inauzuia usizidi."

Jumatano iliyofuata Aanyu alikwenda Buhehe kwa Ariokot, binti pekee wa Atai, mwenye miaka thelathini na mmoja. Alimkuta akichagua mchele, akamweleza yote. Vidole vya Ariokot vilisimama katikati ya ungo.

"Mama mdogo, mimi nilidhani anakuja kwangu peke yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu matanga."

"Vaa viatu," Aanyu akasema.

Okedi alimpima Ariokot mara mbili, kisha akasikiliza shingo yake, kushoto na kulia.

"Presha iko juu, mia moja hamsini na nane. Ila shingoni hamna sauti yoyote. Umewahi mapema."

"Lakini mimi namsikia," Ariokot akasema. "Hata sasa hivi."

Okedi alisikiliza tena, akatikisa kichwa. Ariokot alimgeukia Aanyu, macho yamejaa machozi.

"Meza dawa, mwanangu," Aanyu akamwambia. "Hata mimi nina hamu naye."