Sifuri za Tangi la Tatu

...na bado hajainua macho, anaangalia kifuniko cha kalamu yake, anakifungua, anakifunga, nami nimeshasikia alichosema, nimekisikia vizuri, hakuna haja ya kukirudia lakini kinajirudia chenyewe, "Mstari uko kwa jina lake, mkurugenzi, mimi sikumbuki kuugusa," sikumbuki, neno laini kama pamba, hukuweza hata kusema hapana, mwalimu wangu, ungesema hapana ningekuita mwongo moyoni tukamalizana, lakini sikumbuki, mtu atashika wapi... na pale ukutani projekta imeumwaga mstari wenyewe, mstari mmoja mfupi wa programu kwa herufi kubwa kiasi kwamba hata fundi wa pampu aliyekaa kule mwisho na kofia yake mapajani anaweza kuusoma, na chini yake jina langu, tarehe, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, na mkurugenzi amegeuza kiti kunielekea, miwani imeshuka puani, kalamu iko juu ya karatasi haijagusa, "Sasa binti yangu, tusizungushane, huu mstari umeuandika wewe?" swali jepesi, la ndiyo au siyo, kompyuta ingelijibu kabla hujatoa kidole kwenye kitufe, na mimi niko hapa nahesabu matundu ya feni.

Kwa sababu nikisema ndiyo ni uongo, na nikisema siyo nao ni... ngoja, anza mwanzo, kila saa tangi linatuma namba moja, kiasi cha dawa ya kuua vijidudu kilichomo kwenye maji, nukta nne, nukta tano, nukta sita, na mtandao ukikatika halitumi kitu, kwenye orodha panabaki pengo, na pengo huwezi kulijumlisha wala kuligawanya, programu inakwama, ndiyo maana lazima uichuje orodha kwanza, utoe mapengo, ubakize namba, kazi ya nusu saa, kazi wanayopewa wanafunzi wiki ya pili, na mimi niliiandika kwa urefu wake, bakiza x kama x si pengo, ndivyo nilivyoandika, kwa vidole hivi, halafu nikakwama kwenye kitu kingine kabisa, tarehe zilikuwa hazikai sawa, nikamwita mwalimu, mkubwa wangu wa kazi, akaja, nikasimama, akakaa. Ofisini kwetu ndivyo ilivyo, ukikwama mtu haji kukuelekeza kwa kidole, unasimama na mkubwa anakaa kwenye kiti chako, kwenye mashine yako iliyokwisha kufunguliwa kwa jina lako, anatengeneza, anaondoka, tunaita kuazima kiti, na hakuna aliyewahi kuona ubaya, mimi nilikuwa naona fahari hata, kwa sababu yeye ni mrefu kama nguzo ya umeme na kila akiazima anakipandisha kiti hadi juu, nikirudi kukaa miguu inaning'inia kama ya mtoto kwa kinyozi, na wenzangu wanacheka, "Leo Fupisha amekutembelea, tunaona uko ghorofani."

Fupisha, jina tulimpa sisi, hajawahi kulikasirikia, kila mstari kwake ni mrefu mno, "Fupisha, mama, fupisha, mstari mrefu ni dalili ya woga," na siku dereva mzee alipostaafu wakampa Fupisha nafasi ya kuhutubia kwa niaba ya idara, akasimama akasema, "Umetuendesha. Tumefika. Asante," akaketi, dereva akacheka hadi akalia... na siku ile kwenye kiti changu alipomaliza tarehe akapitisha macho juu, akaona mstari wangu wa kuchuja, akatoa ule mguno wake, akafuta maneno mawili ya mwisho. Bakiza x kama x. Hiyo tu. Na lugha ile ukiiambia kama x ukaishia hapo, haiulizi zaidi, inaangalia x ni kitu au si kitu, na kwake sifuri si kitu, sifuri na pengo inavitupa shimo moja, nami nilikuwa nimesimama nyuma yake na kikombe cha chai, nikasema, nilisema, hili nalikumbuka kama jana, "Na sifuri je, mwalimu?" akageuka na kiti kizima, akacheka, "Sifuri haiji pale, mama. Siku ikija sifuri kwenye maji yale ujue sote tumeshakufa, hakuna wa kusoma ripoti," na nikacheka na mimi. Saa nne na dakika kumi na mbili. Kikombe changu kilikuwa cha bluu. Mimi nakumbuka hadi rangi ya kikombe na yeye hakumbuki kuugusa.

"Tunasubiri," anasema mkurugenzi, si kwa ukali, huyu mama hana ukali, afadhali angekuwa nao... na yeye bado kifuniko, kufungua, kufunga, ana miaka miwili astaafu, nyumba yake bado haina bati upande mmoja, alinionyesha mwenyewe, ana mke anayeumwa miguu, yote hayo nayajua, na ndiyo yanayonikaba, kwa sababu mtu ukimjua hivi hata hasira inakosa mahali pa kusimama, baba yangu alipofariki ndiye aliyeshika upande mmoja wa jeneza, hakuambiwa, alikuja tu akashika, na kazi hii nimeipata kwa mdomo wake, "mchukueni huyu, hamtajuta," na leo... sikuhitaji anitetee, nasema kweli, sikuhitaji afe na mimi, nilihitaji ainue tu macho aniangalie wakati anasema, aniuze huku ananiona.

Watu arobaini na watatu, ndivyo alivyosoma mkurugenzi mwanzoni, wote wa mtaa wa mlimani, wote wanakunywa tangi la tatu, kuhara na kutapika, na kati ya arobaini na watatu yumo mmoja wa miaka minne ambaye mkurugenzi hajui kuwa ni mwanangu, mtoto wa dada yangu, ananiita mama mdogo, alilala siku tatu wodini na sindano ya maji mkononi, mkono mdogo mpaka muuguzi akaufunga kwenye ubao usicheze, sasa amepona, anakimbia, anadai viatu vyenye taa, lakini dada yangu hanisemeshi, kwa sababu dada alikuwa anachemsha maji maisha yake yote, kila jioni sufuria ile kubwa yenye mpini mmoja, na ni mimi niliyemwambia, nimekaa jikoni kwake nakula kwa raha zangu, "Dada, unamaliza gesi bure, mimi naziona namba kila siku, maji yenu ni mazuri kuliko ya kwetu," na akasema, "Haya, msomi wetu, wewe ndiye uko huko," akaacha. Kwa neno langu aliacha. Sasa namwandikia asubuhi na jioni, ujumbe unafika, alama mbili zinageuka bluu, amesoma, hajibu, na nikajifariji siku za kwanza kwamba labda hajaiona, labda simu iko kwa mtoto, ni pengo, pengo linaeleweka, mtandao, shughuli... si pengo. Pengo ni kifaa kimenyamaza. Sifuri ni kifaa kimesema, kimesema kwa pumzi yake yote kwamba humu hamna, hamna kabisa, dada yangu ananijibu kila siku asubuhi na jioni na jibu lake ni sifuri na mimi ninalichuja.

"...daftari la fundi," mkurugenzi anasema sasa na mwenzake wa kushoto, wananong'ona, daftari ndilo lililotufikisha hapa, daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, fundi wa pampu ameandika ndani kila saa aliyopima kwa mkono, na sifuri zake ni kubwa, za mviringo, kama mayai, ukurasa mzima wa mayai, siku kumi na moja, pampu ya dawa ya tangi la tatu ilikuwa inafanya kazi saa tano inalala saa kumi na tisa, na zile saa tano zilitoa namba nzuri, nukta tano, nukta sita, na zile kumi na tisa mstari ule ulizitupa, kisha ukajumlisha nzuri, ukagawanya kwa idadi ya nzuri, ukatangaza wastani nukta tano, rangi ya kijani, salama, ripoti imeenda, imepigwa muhuri... na fundi alikuja. Lo. Alikuja mlangoni kwangu siku ya pili au ya tatu, viatu vya mpira vina matope, hakuvuka kizingiti, "Dada, pampu ya dawa kule juu inakata roho," nami bila kugeuka vizuri nikafungua ripoti, nikaona kijani, nikasema, "Mbona namba zinasema ni nzima?" na mtu wa meza ya pili akacheka, na nikaongeza kwa sababu ya kile kicheko, "Labda anachungulia tangi la jirani," wakacheka tena, naye akatazama ile skrini kwa muda, akasema taratibu, "Sawa. Basi hizo namba zikaitengeneze," akaondoka, na nyayo za matope zikabaki pale kwenye vigae hadi mchana. Hajaniangalia leo pia. Hapana, ameniangalia, mara moja, aliposikia sikumbuki, aliinua kichwa akamwangalia Fupisha, halafu akaniangalia mimi, na haikuwa hasira, ilikuwa kama anavyosikiliza pampu, kichwa kimeinama upande mmoja, kujua inaumwa wapi.

Nitasema. Nitasema alikaa kwenye kiti changu, saa nne na dakika kumi na mbili mimi nilikuwa nimesimama na kikombe mkononi, muulizeni mtu wa meza ya pili, muulizeni nani hajui kuazima kiti katika jengo hili, nilimuuliza kuhusu sifuri na alinicheka, sentensi ninazo, zimejipanga, fupi, angezipenda mwenyewe, nilimuuliza, alinicheka, alifuta, na nafsi yangu itakuwa nyeupe kama kijani cha... na halafu nini, baada ya kunicheka, alisimama akaondoka, kiti kimebaki juu, nikapanda, nikakaa, miguu inaning'inia, na...

Na nikajaribu. Hapa ndipo ninaporuka kila mara, siku zote hizi, nikifika kwenye kiti narukia jeneza la baba au sufuria ya dada, lakini nilijaribu, kwa sababu bado kile kidudu cha sifuri kilikuwa kinanitekenya, nikaandika orodha ya vitu vitano, nukta nne, nukta tano, sifuri, nukta tatu, pengo, nikabonyeza, zikarudi tatu. Tatu. Nilitoa tano, pengo moja lilipaswa kutoka, zirudi nne. Nikaziangalia zile tatu. Ilikuwa inatosha kuandika upya maneno mawili, sekunde kumi, si zaidi, na ndipo nikamsikia mwalimu kule ukumbini anamwambia huyuhuyu mkurugenzi, kwa sauti ile ya mtu anayetaka asikike, "Yule binti atanipita, nakwambia, ana jicho," na nikabaki na jicho langu nikiziangalia zile tatu, na nikawaza, nirudishe mstari mrefu leo leo, aje auone, aseme woga... nikafuta orodha ya majaribio, nikahifadhi. Mimi. Saa nne na dakika kumi na mbili si dakika aliyofuta maneno, ni dakika niliyobonyeza kuhifadhi. Kompyuta haikukosea jina.

Kwa hiyo amenisaliti, hilo halibadiliki, lipo palepale kifuani lina kona zake, aliniuza bila kuniangalia na siku moja nitamwambia nikiwa nimesimama na yeye amekaa, lakini nimekuwa nikilibeba kana kwamba ni namba pekee kwenye orodha, nimezitupa zingine ili wastani wangu utoke mzuri, kicheko mlangoni nimetupa, sufuria nimeitupa, zile tatu zilizorudi badala ya nne nimezitupa, nimebakiza yeye na kifuniko chake, na nikajionea huruma ya kijani.

Feni inazunguka. Projekta inanguruma, mstari uko palepale, jina palepale, kifuniko kinafunguliwa, kinafungwa, sasa sioni tena vidole vya mwalimu, naona vya mzee mwenye nyumba isiyo na bati upande mmoja, anayeogopa, na bado namdai aniangalie, na bado haangalii. Kule mwisho fundi amegeuza kofia yake upande wa ndani, anausoma kama kuna kitu kimeandikwa. Nikisema yote, kazi imeondoka, yangu na pengine ya Fupisha, nikisema nusu ni yake peke yake, nikinyamaza ni yangu peke yangu, na dada yangu hata moja kati ya hayo halitamfanya ajibu ujumbe, labda, labda siku moja nitakwenda tu kusimama jikoni kwake wakati sufuria inachemka, nisiseme kitu kuhusu gesi. "Binti yangu," mkurugenzi anauliza, kwa maneno yaleyale, kalamu bado haijagusa karatasi, "huu mstari umeuandika wewe?" na sasa najua urefu wa jibu, ni refu, litamchosha, halifupishiki, kiti kilikuwa changu, mkono uliofuta ulikuwa wake, macho yaliyoona zikirudi tatu yalikuwa yangu, na fundi alikuja mlangoni, lazima nisisahau fundi alikuja mlangoni, nianzie hapo, kwenye matope...