Kinu cha Shangazi Tufaha

Mundhir alirudi Tabora na shahada ya muziki kutoka Ujerumani, na tangu arudi hakuna aliyemsikia akiimba. Wimbo, alisema, ni ushamba. Muziki ni rangi ya sauti na umbile lake: inayokwaruza, inayoteleza, yenye chengachenga. Baba yake, Mzee Soud, mwenye duka la mabati, alisikiliza hayo miezi minane akachoka.

"Nitakuja kwenye onyesho lako," alisema. "Sauti moja tu ikinigusa, endelea na muziki wako. Nisipoguswa, Jumatatu uko dukani."

Mundhir alijua baba yake hatanii.

Alasiri ya onyesho ukumbi wa mtaa wa Cheyo ulijaa, maana ukoo mzima uliitwa na hakuna aliyethubutu kukosa, ila Shangazi Tufaha wa nyumba ya pili. Lugembe, mpiga ngoma hodari kutoka Kwihara, alipewa kazi ya kukokota jembe juu ya bati. Alilikokota dakika kumi na mbili, uso umesawijika. Kisha ukaja mfuko wa maganda ya karanga, ukafinywafinywa taratibu. Wageni walitikisa vichwa kwa heshima, kama watu wanaoelezwa ugonjwa na daktari. Mzee Soud alisinzia, akazinduka, akatazama saa. Mundhir alimwona.

Ilibaki silaha ya mwisho: kinu cha shaba cha Shangazi Tufaha, alichokiazima bila kusema cha nini. Kwenye karatasi ya maelezo aliandika: "Sauti safi, iliyovuliwa maana yote." Akainua mchi, akagonga ukingo mara tatu, kisha ndani mara moja. Mpigo huo alikuwa ameusikia tangu utotoni, na kwa ujuzi wake wote akadhani ameutunga yeye.

Mzee Soud alikuwa wa kwanza kusimama. Hata hakufikiri, miguu tu ilimwinua. Nyuma yake wakainuka wengine, safu baada ya safu, wakatoka wakipiga soga, kwa sababu Cheyo nzima ilijua kinu hicho kikigongwa hivyo, kahawa ya Shangazi iko tayari. Akabaki Lugembe. Naye akaweka jembe chini, akawafuata.

Mundhir alichukua kinu akaenda nyumba ya pili, akawakuta barazani kwa Shangazi, watu sitini, wanangoja. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Baba, mmetoka kabla ya mwisho."

"Sikutoka. Niliitwa." Mzee Soud alikuwa mtu wa neno lake. "Hiyo moja imenigusa. Jumatatu usije dukani."

Mundhir alijawa na furaha, akafungua mdomo aeleze rangi ya shaba. Shangazi Tufaha, aliyeletewa wageni bila taarifa, hakumpa nafasi. Katika ukoo wao hakuna fedheha kubwa kuliko kugonga kinu kitupu. Akamimina buni zilizokaangwa, akamsukumia mchi.

"Umewaita wewe. Twanga."

Mundhir alianza, akakwaruza ukingo kidogo, kuleta umbile.

"Usitunge," alisema Shangazi. "Twanga."