Kifua cha Jumatatu

Kabati la dawa lilifunguka kwa teke la pili. Ndani mlikuwa na bandeji mbili, chupa ya spiriti iliyokwisha kukauka, na mende aliyechungulia kama mtu aliyeamshwa bure. Muuguzi alilifunga taratibu, akavuta droo za meza. Daftari. Kalamu. Rundo la fomu zilizochapwa maneno mawili ya kuchagua: ANAFAA KAZI, HAFAI KAZI.

Kwenye simu walimwambia kiwanda hicho cha nyuzi kina zahanati ya vitanda vinne, gari la wagonjwa na msaidizi. Kwa maneno hayo aliiacha wodi aliyoizoea miaka kumi na mmoja, mumewe akafunga karakana yake ya useremala, binti yao akahamishwa shule katikati ya muhula. Kitanda kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa kimelaliwa na maboksi ya nyuzi.

"Gari la wagonjwa lipo?" alimwuliza mlinzi.

"Lipo, Sista. Limempeleka mke wa bosi saluni."

Jioni alimsimulia mumewe, aliyekuwa akigongelea kitasa kwenye mlango wa nyumba waliyopewa na kampuni. Mume alimsikiliza mpaka mwisho, misumari midomoni.

"Mama, maji tumeshayavulia nguo," alisema alipoitema. "Tuoge tu, hata kama ni ya matope."

Akaoga. Alifunga vidole vilivyochanika, akapoza vichwa kwa maji ya bomba. Wiki ya tatu akaja Bi Spidi, mama wa makamo aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna pale kiwandani aliyeunga upesi kama yeye uzi uliokatika. Alikaa ukingoni mwa kiti, nywele zimemwota mvi ambazo nusu yake ilikuwa pamba.

"Sista, kifua changu kinaijua Jumatatu kuliko kalenda," alisema, akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. "Jumapili napumzika, napumua kama watu. Jumatatu nikiingia tu, nimefungwa kamba. Zamani ikifika Jumatano inalegea. Siku hizi hailegei."

"Umekaa humo miaka mingapi?"

"Kumi na tisa. Nipe dawa tu, mwanangu, nirudi. Mashine haina subira."

Muuguzi aliuweka mkono mgongoni mwake, akausikia mluzi wa pumzi ukipanda na kushuka. Dawa hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni kalamu. Akaandika: *Kifua kimeathiriwa na vumbi la pamba. Apelekwe hospitali. Ahamishiwe sehemu isiyo na vumbi. Wenzake wapewe barakoa.* Kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale alijiona amefanya kazi yake.

Kesho yake meneja alimwita. Hakumwambia akae.

"Sista wangu, wewe ni daktari?"

"Hapana, bosi."

"Hilo vumbi umelipima kwa kipimo gani?"

"Nimesikiliza kifua chake."

"Umesikiliza." Meneja aliigeuza ile fomu, akatazama nyuma yake kana kwamba huko kuna maneno ya maana zaidi. "Andika nyingine. Andika ana mafua."

Muuguzi aliiona akilini nyumba ya kampuni, akaiona sare mpya ya binti yake.

"Siwezi, bosi. Hayo niliyoandika ni kweli."

Alingoja kufokewa. Meneja akatabasamu.

"Sawa. Kama ni kweli, ibaki hivyo hivyo."

Siku ile alirudi nyumbani kichwa juu. Mumewe alimtazama kwa hofu, lakini akasema, "Umesema vizuri."

Ijumaa, mchana, Bi Spidi alisimama mlangoni pa zahanati. Hakuingia. Mkononi alikuwa na barua, na nyuma ya barua ile fomu, imebanwa kwa pini.

"Nisomee, Sista. Miwani nimeacha."

Muuguzi alisoma. *Kwa mujibu wa taarifa ya muuguzi wa kiwanda, afya yako haikuruhusu kuendelea na kazi. Kampuni inakutakia kila la heri.*

"Mama, mimi niliandika upelekwe hospitali. Niliandika wakuhamishe."

"Najua umeandika. Mwandiko wako mzuri." Bi Spidi aliikunja barua mara nne, akaifutika kifuani. "Nilikuja unipe dawa, mwanangu. Umenipa njia ya getini."

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira.

Jumatatu muuguzi aliwahi, akasimama nje ya zahanati, mahali ambapo wafanyakazi wote hupita kuingia kazini. Alitaka kuwaambia jambo, ingawa hakujua aanzie wapi. Walikuja kwa mstari. Hakuna aliyemsalimu kwa sauti; walimwinamishia vichwa, midomo imebanwa. Mmoja alijiziba kwa leso, mishipa ya shingo imemtoka. Mwingine machozi yalimtiririka mashavuni, naye akazidi kukaza mwendo.

"Unaona, Sista?" Meneja alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. "Leo wazima wote."

Wa mwisho alikata kona. Kule nyuma ya ukuta kikohozi kikapasuka, cha watu wote kwa pamoja, kirefu, kikaendelea hadi mashine zilipowashwa zikakimeza.