Neno la Tatu

Kule Yazd, mji wa Uajemi, watu ni wastaarabu, lakini hata wao walikuwa wanauchoka ustaarabu wa Bwana Nosrat Dehqan. Mlangoni hapiti kabla ya mwenzake. Ukikutana naye asubuhi kwenye lango la kiwanda, ujue umeshachelewa kazini. "Tangulia wewe." "Hapana, tangulia wewe." "Haiwezekani, nitapitaje mbele yako?" Siku moja yeye na mlinzi walibembelezana pale langoni mpaka lori la mizigo likawapigia honi, na dereva akawatukana wote wawili bila ubaguzi.

Msidhani alikuwa mnafiki. Hiyo ndiyo taarofu, na huko kila mtu ameinyonya na maziwa ya mama. Muuza mkate atakwambia chukua tu, mbele yako hii si kitu. Unatoa pesa, anakataa. Unatoa tena, anakataa. Mara ya tatu anapokea na mnaachana kwa amani. Mtu akikukaribisha kwake mkikutana njiani, unakataa mara mbili kwanza. Akirudia mara ya tatu, hapo ndipo unajua kwamba kuna chungu jikoni kweli. Anayepokea kwa neno la kwanza ni mtoto mdogo, au mgonjwa, au mgeni.

Na Mhandisi Ramtin alikuwa mgeni, ingawa kiwanda kilikuwa cha baba yake. Alipelekwa Hamburg akiwa bado ananyonya kidole, akakulia huko, na mzee alipofariki akarudi kukiokoa kiwanda cha mablanketi kilichokuwa kinakata roho. Kijana mzuri, mpole, na Kiajemi chake kimenyooka kabisa. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: ukimwambia neno, analiamini.

Siku hiyo aliwakusanya watu wa ofisi kwenye chumba cha kulia, akawaeleza mambo bila kuzunguka. Mablanketi kutoka nje yameua soko. Kiwanda kinapangwa upya. Ofisi ya kupeleka mizigo, yenye meza mbili, ya Nosrat na ya mwenzake Bi Mahrokh, itabaki na kompyuta na mtu mmoja.

"Sipendi kumfukuza mtu," akasema. "Nimeona niwaulize ninyi wenyewe. Yupo aliye tayari kuondoka kwa hiari yake?"

Watu kimya. Kimya cha namna hiyo, kwa desturi, huvunjwa na mkubwa, na mkubwa kwa umri alikuwa Nosrat. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaweka mkono kifuani.

"Mhandisi, niwe kafara yako. Kiti changu ni chako, na mimi mwenyewe ni wako. Kama kuondoka kwangu kutakupunguzia mzigo, naondoka leo hii, tena kwa moyo mweupe."

Wenzake wakaitikia papo hapo. "Mungu apishe mbali!" "Wewe ndiye nguzo yetu, Bwana Nosrat!" Hapo ilibaki zamu ya bosi. Alitakiwa ashtuke, aape kwamba kiwanda bila Bwana Nosrat si kiwanda, kisha watu wanywe chai na jambo lijadiliwe kiutu uzima. Ramtin akavuka chumba, akamshika Nosrat mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Ahsante," akasema. "Ahsante sana. Wema huu sitausahau maisha yangu yote."

Akarudi kwenye kiti chake, akaendelea na mambo mengine. Nosrat alibaki amesimama, mkono bado uko kifuani na tabasamu bado liko usoni, maana hakujua aliweke wapi.

"Eti umefanya nini?" Effat, mkewe, alikuwa anakoroga mchuzi wa dengu. Akaweka mwiko chini.

"Nilijua atakataa."

"Akakataa?"

"Akaniambia ahsante."

"Ahsante!" Effat akaketi juu ya zulia kama aliyekatwa miguu. "Mwanaume mzima unagawa kazi kama unagawa mbegu za tikiti! Umebakiza mwaka na nusu tu utimize miaka thelathini kazini, baba watoto. Mwaka na nusu! Ukitoka sasa pensheni inakatwa, halafu tutakula nini, adabu zako? Nizikaange na vitunguu?"

Nosrat akavua koti lake. Aliogopa, tena sana, na hofu yake ilikuwa ya kawaida kabisa: kuzeeka akimwomba mkwewe, mume wa binti yake, hela ya dawa. Mkwewe angempa, hilo halikuwa na shaka. Angempa kwa heshima zote, na ndiyo maana Nosrat alikosa raha kila alipolifikiria.

"Kesho unakwenda kwake," Effat akasema. "Unamwambia, sitaki kuondoka. Maneno mawili. Hebu sema nikusikie."

"Effat, jamani, nitamwambiaje mtu hivyo usoni?"

"Kwa mdomo!"

Akaenda. Ramtin alifurahi kumwona, akammiminia chai akamwekea na kipande cha sukari mawe.

"Karibu chai, Bwana Nosrat."

"Hapana, hapana, usijisumbue kabisa."

"Haya," Ramtin akasema, akaivuta bilauri upande wake na kuinywa. Nosrat, ambaye koo lilikuwa limemkauka tangu alfajiri, aliiangalia ile chai ikiisha. Akauliza hali ya mama mdogo wa Ramtin. Akaisifu hewa ya asubuhi. Akamwombea Mhandisi kivuli chake kisipungue, akatoka kinyumenyume, na yale maneno mawili akarudi nayo nyumbani. Effat alimtazama tu, akamwekea chakula bila kumwambia karibu.

Wiki haikuisha kabla Ramtin hajamwita mwenyewe. Alifunga mlango kwa mkono wake, masikio yamemwiva.

"Bwana Nosrat, jana nilikula kwa mama mdogo. Nikamsimulia wema wako. Alicheka mpaka akapaliwa na wali, alipopata pumzi akanipiga kibao cha kisogo. Kaniambia nimekunyang'anya kazi mchana kweupe."

"Mungu apishe mbali, Mhandisi! Wewe na kunyang'anya wapi na wapi?"

"Ngoja. Kanifundisha. Neno la kwanza ni la urembo, la pili la heshima, la tatu ndilo la kweli. Basi nakuuliza. Unataka kuondoka?"

"Mimi ni nani hata nitake? Upendavyo wewe."

"Mara ya pili. Unataka kuondoka?"

"Kama kiwanda kitapata nafuu..."

"Mara ya tatu, Bwana Nosrat."

Nosrat akatazama maua ya zulia. Umri wote ule hakuwahi kumkatalia mtu jambo uso kwa uso. Akilini alimwona Effat amekaa chini, mwiko pembeni.

"Sitaki," akasema. Sauti ilitoka nyembamba, akaona haya kuisikia.

Ramtin akashusha pumzi. "Basi yale ya juzi tumeyafuta. Lakini kiti bado ni kimoja, na hilo siwezi kulifuta. Ni wewe au Bi Mahrokh. Sitaki kumwita nikamnasa kama nilivyokunasa wewe. Ninyi mmekaa chumba kimoja miaka nenda miaka rudi, mnaelewana. Zungumzeni. Jumamosi mniletee neno moja, hilo ndilo nitakalofuata."

Bi Mahrokh alikuwa mdogo kwa Nosrat, mcheshi, mwenye ulimi wa kuchokoza. Mumewe alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, mgongo haukunyooka tena, na tangu hapo nyumba yao ilikuwa inaendeshwa na mshahara wake. Hilo Nosrat alilijua vizuri. Yeye ndiye aliyempeleka mume huyo hospitali siku ile.

Alimkuta anamenya tango. Kila asubuhi alimenya tango moja, akaligawa, akamsogezea Nosrat kipande kikubwa. Nosrat anakataa, anasogezewa tena, anakataa, anasogezewa, ndipo anakula. Mambo yao yalikuwa hayo kila siku ya kazi.

"Umetoka kwa mtoto wa Hamburg?" Mahrokh akauliza. "Leo amekunywa chai ya nani?"

Nosrat hakucheka. Akaketi, akamweleza yote, hata lile "sitaki" lake. Mahrokh alisikiliza huku ganda la tango likishuka taratibu kwenye kisu.

"Sasa hilo ndilo la kukufanya ukunje uso hivyo?" akasema. "Mimi nitaondoka. Wewe umebakiza kidogo utimize. Limekwisha."

"Mungu apishe mbali, Bi Mahrokh!" Maneno yalimtoka yenyewe. "Bila wewe ofisi hii ni ghala tu. Usilitamke tena."

"Nimeshalitamka. Nilishachoka kuamka alfajiri."

"Haiwezekani. Na mgonjwa nyumbani? Nitamtazamaje mumeo usoni?"

"Mume wangu atafurahi kuniona mchana kwa mara ya kwanza. Huenda hata asinitambue." Akacheka kidogo. "Kaa wewe, Bwana Nosrat. Kwa moyo mweupe kabisa."

Kisha kisu chake kikasimama.

Ilikuwa zamu ya Nosrat. Hakuna asiyejua zamu hiyo, na yeye ndiye aliyeijua kuliko mtu yeyote pale Yazd. Hii si bei ya mkate: kilichobaki ni aseme hapana mara ya tatu. Mahrokh angeinamisha kichwa, labda machozi yangemtoka, angesema basi, Bwana Nosrat, ukweli ni kwamba siwezi. Wangebaki wawili na kiti kimoja, na Jumamosi inakuja.

Mdomo aliufungua. Akilini akamwona mkwewe akiingiza mkono mfukoni, kwa heshima zote. Alikuwa amemcheka Ramtin moyoni, akamwona mjinga asiyejua watu. Sasa ndipo alipomwelewa yule kijana, siku ile kwenye chumba cha kulia, kiwanda kinamfia mikononi, anasikia mtu akisema naondoka. Hata ungekuwa umezaliwa pale pale Yazd, ukiwa na shida ya kutosha utaliamini neno la kwanza.

Kisu hakikusogea. Mahrokh alikuwa anamngojea. Nje lori lilipiga honi langoni, mara moja, mara mbili, likanyamaza.

"Ahsante, Bi Mahrokh, mikono yako isiume," Nosrat akasema. "Wema huu sitausahau."

Mkono wa Mahrokh ulipanda taratibu mpaka kifuani, ukiwa bado na maji ya tango, na uso ukabaki na tabasamu. Nosrat alilijua tabasamu lile. Alikuwa amelivaa mwenyewe juzi juzi. Aibu ilimshika mpaka masikio yakamwiva, hata hivyo neno hakulirudisha.

Kisha Mahrokh akashusha mkono. Akalikata tango, akalinyunyizia chumvi, akasogeza kipande kikubwa mpaka ukingoni mwa meza ya mwenzake, kama siku zote.

"Karibu," akasema.

Nosrat akakichukua palepale, hakukataa hata mara moja, akala.