Vidonda vya Jogoo Diwani

Jogoo wa shangazi yangu Asia anaitwa Diwani, kwa sababu anazunguka mtaa mzima kifua mbele na hakuna kinachofanyika. Jumatatu alirudi ana vidonda vyeusi kwenye upanga wa kichwani, jicho moja limevimba.

"Kamwagiwa mafuta ya maganda," shangazi akasema. Hakutaja mtu. Aliutazama tu ua wa makuti wa jirani yetu, Mama Pendo.

Hapa Chuno kila anayebangua korosho anajua mafuta ya maganda yanavyochuna ngozi. Na hawa wawili wamekaanga korosho kwenye karai moja miaka sita. Ila juzi Diwani alidonoa korosho za Mama Pendo, mwenyewe akafoka, "Jogoo huyu nitamwonesha!"

"Ndo kamwonesha," shangazi akasema. "Kesho nampeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Na karai langu alirudishe, kila mtu akaange kwake."

"Shangazi, kesi ya jogoo?"

"Wewe nyamaza. Kachungulie."

Nikachungulia. Mama Pendo alibeba tenga lililofunikwa kanga, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akalificha nyuma ya choo. Nikarudi mbio kama askari anayesubiri cheo.

"Anaficha kitu!"

Shangazi akamkwapua Diwani, tukavamia.

"Tenga lina nini, shoga?"

"Na wewe kwapani una nini, shoga?" Mama Pendo akavuta kanga. Ndani alilala mtetea, uso mzima vidonda. "Huyu ni ushahidi wangu kwa mwenyekiti. Mtaa huu nani mwingine ana mafuta ya maganda, kama si wewe?"

Wakatazamana. Mimi nikamwinua yule mtetea. Chini yake vifaranga wanne, na mmoja ana vidonda pembeni mwa mdomo.

"Na huyu kamwagiwa na nani?"

"Huyo..." sauti ya Mama Pendo ikashuka. "Huyo tangu aanguliwe hajatoka chumbani kwangu, mpaka leo."

Nikampigia simu Faraji, mtaalamu wa mifugo. Alianza kucheka kabla hajashuka kwenye pikipiki.

"Ndui ya kuku. Ni kirusi, na mbu ndio wanakisambaza. Hakina dawa. Waosheni vidonda kwa maji ya chumvi, wengi watapona. Wazima tuwachanje kwenye bawa. Ila chupa hii ni ya kuku mia, ikifunguliwa haifai kesho. Mna wangapi?"

Shangazi tisa. Mama Pendo kumi na watatu. Chupa moja.

Wakaanza kazi wamenuna, wakikimbiza kuku. Huyu akikamata, yule anakunjua bawa. Majirani nao wakaleta wa kwao. Ilipofika adhuhuri, karai halikuwa limetajwa tena, na jioni moto ukawashwa palepale pa siku zote.

Shangazi alikuwa anageuza korosho alipolitupia jicho pipa la maji la mwenzake, halina mfuniko.

"Shoga," akasema taratibu, "hivi mbu wenyewe wanazaliwa kwa nani?"