Somo la Kufunga Kinywa

Kila Jumamosi wanawake watatu wanaochangisha fedha za vyama vidogo hapa Kamina hukutana sebuleni kwa mwenzao mama Bilonda kufundishana kuomba michango. Ugonjwa wa Kabedi, mmoja wao, ni adabu: akishaomba tu, anajirudi mwenyewe, "Lakini kama haiwezekani, haina neno."

"Ukishaomba, funga kinywa!" Bilonda humkemea.

Leo jirani yao, papa Katende muuza unga, aliingia kuazima kiti. Kabedi akamkazia macho.

"Papa Katende, batoto yatima ba chama yetu banahitaji mifuko mbili ya bunga kila mwezi. Utatupatia?"

Akafunga kinywa. Katende akakohoa, akatazama dari, akamtazama Bilonda. Hakuna aliyemwokoa.

"Tuma muntu akuye kubeba," akasema hatimaye. "Miaka ine unanielezeaka shida ya bale batoto. Leo tu njo umeniomba kweli."